Tarehe Wasiyoijua Wapenzi

Kuna ukurasa katika riwaya moja niliyokwisha kuirudia mara kadhaa ambao hadi leo siufikii bila moyo kunienda mbio. Msichana amekaa mbele ya kioo akisukwa nywele, na juu ya meza iko kadi ya mwaliko wa dansi. Kadi ina tarehe: 15 Juni 1815, mjini Brussels. Yeye anaitazama kadi akiwaza gauni, na akimwaza ofisa kijana aliyemwomba wacheze pamoja wimbo wa kwanza. Mimi naitazama kadi ile ile na mwili unanisisimka, kwa sababu najua kitakachotokea tarehe 18.

Dansi ile haikuzuliwa na mwandishi. Duchess wa Richmond aliiandaa kweli, na wengi wa wageni wake walikuwa maofisa wa jeshi lililokuwa likimngoja Napoleon wa Ufaransa. Masajini wa kikosi cha Waskoti walicheza ngoma ya kwao mbele ya mabibi waliovaa hariri. Usiku haujaisha, ikafika habari kwamba Wafaransa wamekwisha kusogea hadi njiapanda ya Quatre Bras, na maofisa wakaanza kuaga mmoja baada ya mwingine. Wengine hawakupata hata nafasi ya kubadili nguo, wakapigana kesho yake wakiwa na mavazi na viatu vile vile vya dansi. Duke wa Brunswick, aliyekuwa miongoni mwa waalikwa, aliuawa tarehe 16. Siku mbili baadaye yakawa mapigano makubwa ya Waterloo. Ndiyo maana waandishi wa riwaya, kizazi baada ya kizazi, hawaishi kurudi katika ukumbi ule: ni mahali ambapo muziki ulipigwa na watu wakashikana mikono, huku saa ikihesabu kitu ambacho wachezaji hawakukijua na ambacho sisi tunakijua hadi jina la kijiji.

Mimi ni msomaji wa riwaya za mapenzi zilizowekwa ndani ya historia, na nimekuwa hivyo tangu nilipoanza kujichagulia vitabu mwenyewe. Wanaonijua huniuliza ninatafuta nini humo, na rafiki yangu mmoja aliwahi kuniambia, “Mwenzangu, huchoki na harusi za watu waliokufa zamani?” Sichoki. Ninachokitafuta ni ile taharuki ya ukumbi wa Brussels, ambayo sijaipata katika aina nyingine yoyote ya hadithi. Katika riwaya ya upelelezi msomaji na mhusika wamo gizani pamoja, na wote wawili wanapapasa ukuta. Katika riwaya ninazozipenda, msomaji ndiye mwenye taa, na hawezi kuipitisha upande wa pili wa ukurasa. Nimewapenda watu wawili, ninajua kinachowajia, na sina namna ya kuwaonya. Kitabu cha historia kinaponiambia kwamba makumi ya maelfu walikufa au kujeruhiwa katika siku zile, akili inakubali na kupita. Ofisa kijana anapotafuta glavu yake chini ya kiti ili aondoke, na msichana ndiye anayeiokota, hapo vita vinakuwa na uzito ninaoweza kuubeba.

Walter Scott, mwandishi wa Uskoti, alilielewa jambo hili mapema. Alipotoa riwaya yake ya kwanza, Waverley, mwaka 1814, bila kuweka jina lake, aliitaja katika kichwa chenyewe ile miaka sitini iliyokuwa imepita tangu matukio anayoyasimulia, yaani uasi wa mwaka 1745 huko Uskoti. Katikati ya uasi huo akamweka kijana ambaye moyo wake unavutwa na wanawake wawili. Tuzo ya riwaya za kihistoria inayoitwa kwa jina la Scott bado inataka sehemu kubwa ya hadithi iwe imetokea angalau miaka 60 kabla ya kuandikwa. Napenda kipimo hicho, kwa sababu miaka sitini ni umbali wa babu. Scott mwenyewe aliwasikiliza wazee walioushuhudia uasi ule kwa macho yao. Ni umbali ambao jambo limekwisha, nyasi zimeota juu yake, lakini bado yupo mtu mmoja ambaye akilikumbuka hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea kusema.

Lakini tarehe peke yake haitoshi. Zipo riwaya zenye vita, majumba, farasi na mavazi ya kila namna, ambazo nimezifunga katikati bila majuto. Kwa miaka mingi nilidhani zimeshindwa kwa sababu ya mtindo tu, hadi nilipoanza kuandika katika daftari, kwa kila kitabu ninachokisoma, swali moja: ni nini hasa kinachowatenganisha hawa wawili? Nilipokuwa na majibu ya kutosha niliona kwamba riwaya nilizozipenda zote zina jibu ambalo lisingewezekana katika wakati mwingine. Kizuizi ni cha zama zile. Ukikitoa na kukipeleka miaka mia mbele, kinayeyuka.

Kila hadithi ya mapenzi huishi kwa kizuizi. Nikisoma hadithi ya wapenzi wa siku hizi, mara nyingi najikuta nikimwambia mhusika: mpigie simu, muulize, yaishe. Kutoelewana ambako mazungumzo ya dakika tano yangekumaliza hakuwezi kubeba kurasa mia nne. Zamani palikuwa na kuta za kweli, na mwandishi anayezijua kuta hizo hahitaji kuwafanya wapenzi wake wajinga ili wachelewe kufikiana.

Chukua sheria ya ndoa iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1753 na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Sheria hiyo ilitaka ndoa ifungwe kanisani kwa utaratibu wa wazi, na mzazi wa kijana aliye chini ya miaka 21 akapata nguvu ya kuizuia. Uskoti haikuguswa nayo. Huko ilitosha wawili kutamka mbele ya mashahidi kwamba wameoana. Basi ikatokea kwamba kijiji kidogo cha Gretna Green, kilichoko mara tu unapovuka mpaka, kikawa mwisho wa safari ya wapenzi waliokataliwa, nao waliozeshwa na watu wa kawaida, wahunzi wakiwamo. Fikiria msichana wa London anayeamua kwenda huko. Mbele yake ziko kilomita zaidi ya 450 za barabara, kubadilisha farasi kituo baada ya kituo, usiku ndani ya gari pamoja na mwanamume ambaye bado si mumewe, huku baba yake akija nyuma. Akigeuka katikati ya njia, jina lake limekwisha kuharibika. Akiendelea, hana njia ya kurudi. Safari hiyo ina mwanzo, ina mbio na ina sehemu ambayo mtu hawezi tena kubadili nia. Nusu ya kazi ya mtunzi imefanywa na Bunge. Na mlango ule ulikuja kusogezwa kwa sheria nyingine ya mwaka 1856, iliyotaka mmoja wa wawili hao awe ameishi Uskoti kwa siku 21 kwanza. Mwandishi anayewapeleka wapenzi wake Gretna mwaka 1860 kwa mbio za usiku mmoja amewapeleka kwenye mlango uliokwisha kufungwa.

Ukuta mwingine ni mali. Kabla ya sheria za mwaka 1870 na hasa ya mwaka 1882, mwanamke wa Uingereza aliyeolewa hakumiliki mali kwa jina lake kama anavyomiliki leo. Fedha na vitu alivyokuwa navyo vilikuwa vya mumewe tangu siku ya ndoa, isipokuwa pale familia ilipotangulia kuandikisha mkataba wa kumlinda. Msomaji asiyelijua hili akimwona mwanamke mwenye urithi anasitasita kumjibu mwanamume anayempenda waziwazi, atasema anaringa. Msomaji anayelijua anaona mtu anayepima kina cha kisima kabla ya kujitosa. Kusitasita kwake kunageuka kuwa sehemu ya kutisha kuliko zote katika kitabu, na mwandishi hodari hatakuwa na haja ya kutuhutubia juu ya sheria. Atamweka tu wakili mezani, karatasi mbele yake, na bwana harusi mtarajiwa akitazama dirishani wakati tarakimu zinasomwa.

Hakuna kizuizi ninachokipenda, hata hivyo, kama barua. Kabla ya mageuzi ya posta ya mwaka 1840, gharama ya barua huko Uingereza kwa kawaida ililipwa na mpokeaji, na ilikadiriwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi, kwa hiyo watu waliikunja barua yenyewe na kuifunga kwa lakiri. Na ili kumpunguzia mpokeaji mzigo, mwandishi aliyejaza ukurasa aliigeuza karatasi upande na kuendelea kuandika juu ya maandishi yale yale, mistari mipya ikiikata ya awali kama ukindu wa mkeka. Nimewahi kuikuza picha ya barua ya namna hiyo kwenye skrini na kujaribu kuisoma. Mwanzoni ni msitu wa wino. Kisha jicho linajifunza kuchagua: unafuata mistari inayolala, unaisahau inayosimama, na neno la kwanza linajitokeza, halafu la pili, halafu sentensi nzima kuhusu kikohozi cha mtoto. Ukigeuza karatasi, sauti ile ile inaendelea na jambo jingine, juu ya lile la kwanza, bila kulifuta.

Sasa iweke barua hiyo katika hadithi ya mapenzi. Kwa kuwa mpokeaji ndiye aliyelipa, barua ya siri haikuwa jambo jepesi. Aliyetoa fedha mlangoni alikuwa baba au kaka wa msichana, naye aliona imetoka wapi kabla ya msichana kuiona lakiri. Kwa kuwa kila karatasi ilikuwa gharama, mwanamume anayeandika karatasi tatu anasema jambo hata kabla barua yake haijafunguliwa. Na ikiwa yuko vitani ng'ambo ya bahari, barua yake inapofika inasema “mimi ni mzima” kuhusu siku ambayo imepita wiki kadhaa nyuma. Mwanamke anaisoma kwa furaha, na msomaji, ambaye sura iliyotangulia ilimpeleka kwenye uwanja wa vita, anamwona akifurahia maneno ya mtu ambaye hajui kama angali hai. Sijui chombo kingine cha usimulizi kinachoweza kumuumiza mtu hivyo kwa karatasi moja tu iliyokunjwa.

Kwa sababu hizi sikubaliani na wanaosema kwamba kukagua usahihi wa riwaya ya kihistoria ni kazi ya watu wasio na shughuli. Katika riwaya moja inayotokea mwaka 1810 nilimkuta bwana mmoja akiwasha kiberiti usiku ili asome barua ya mchumba wake. Nilisimama hapo hapo. Viberiti vya kusugua vilibuniwa na mfamasia wa Kiingereza, John Walker, mwaka 1826, na vikaanza kuuzwa mwaka uliofuata. Kilichoniuma si hiyo miaka 16 ya kosa. Ni kwamba mwandishi alitupa dakika alizokuwa amepewa bure: mtu yuko gizani, barua imo mfukoni, mikono inatetemeka, anapiga jiwe kwa chuma na cheche haishiki, anapiga tena, na hajui bado kama amekubaliwa au amekataliwa. Kiberiti kikamaliza yote kwa mshindo mmoja. Makosa mengine hayana hasara kama hiyo. Bibi harusi wa mwaka 1790 akivaa gauni jeupe kana kwamba ndiyo kanuni, naguna kidogo na kuendelea, ingawa wengi wa wakati huo walivaa tu gauni lao bora la rangi yoyote, na weupe ulienea baada ya Malkia Victoria kuolewa tarehe 10 Februari 1840.

Kosa lisilosameheka kwangu limo katika akili za wahusika. Nazungumzia yule binti wa zamani ambaye mwandishi amempa mawazo yote ya leo: hamwogopi baba, haogopi kanisa, hajali jamii itasema nini, na hakuna anachokipoteza kwa kutojali. Mwandishi anadhani amemheshimu kwa kumfanya shujaa, kumbe amemnyang'anya ukuta wake, na bila ukuta hakuna ushujaa wa kuonyesha. Mimi nataka binti anayeamini, angalau nusu, yale yanayomfunga. Nataka aone haya kwa jambo ambalo mimi silioni kuwa la haya, na aone haya kwa namna ambayo itanifanya niinamishe macho pamoja naye.

Tolstoy, mwandishi wa Urusi, ananipa hilo kikamilifu. Vita na Amani ilitoka kati ya mwaka 1865 na 1869, na Tolstoy alizaliwa 1828, miaka 16 baada ya Napoleon kuivamia Urusi. Naye pia alikuwa akiandika kutoka umbali wa baba na babu. Alianza akiwa na nia ya kuandika kuhusu waasi wa mwaka 1825, akajikuta akirudi nyuma na nyuma tena hadi 1805 ili awaelewe. Ndani ya bahari hiyo ya majemadari na wafalme, kitu ninachokirudia ni mwaka mmoja wa kungoja. Andrei amemposa Natasha, na baba yake Andrei, mzee mkali, anaweka sharti kwamba ndoa iahirishwe mwaka mzima. Andrei anatii. Kwa mtu mzima aliyekwisha kufiwa na mke, mwaka si kitu. Kwa msichana mdogo aliyejaa uhai, mwaka ni umri mzima, na katika mwaka huo anakosea vibaya kwa mwanamume mwingine, uchumba ukavunjika. Hakuna mwovu mkubwa anayehitajika hapo. Inatosha sharti la baba na desturi ya mwana kutii. Kisha yanakuja mapigano ya Borodino, tarehe 26 Agosti 1812 kwa kalenda waliyoitumia Warusi wakati ule, ambayo kwetu ni 7 Septemba. Andrei anajeruhiwa. Moscow inahamwa, na miongoni mwa magari ya majeruhi yanayofuatana na familia ya Natasha limo gari lake, naye Natasha hajui. Anapojua, anangoja watu walale, anaweka mguu sakafuni penye baridi na kwenda kumtafuta gizani. Historia nzima ya bara lile imesukumwa hadi ikawa umbali wa vyumba viwili, na mtu mmoja anauvuka bila viatu.

Mtu ninayemheshimu sana aliwahi kuniambia kwamba hadithi za mapenzi huifanya historia kuwa pambo. Nimelifikiria neno lake kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba uchumba na ndoa vilikuwa ndipo historia ilipoingia ndani ya nyumba. Mtu wa kawaida hakukutana na sheria bungeni; alikutana nayo siku ya kuposa. Alijua tabaka lake pale alipokataliwa. Wanaoandika juu ya posa iliyokataliwa wanaandika juu ya dola, na mara nyingi wanaiona vizuri kuliko anayeandika juu ya mawaziri. Hata mwisho mwema, ambao wengi huudharau kuwa ni peremende, haunipi usingizi mtamu ninaodhaniwa kuupata. Nikifunga riwaya ya Ulaya inayoishia kwa harusi ya mwaka 1913, nahesabu. Bwana harusi ana umri gani? Mtoto akizaliwa mwaka unaofuata, mwaka 1939 atakuwa na miaka 25. Mwandishi amefunga mlango kwa vigelegele, lakini tarehe imebaki nami.

Riwaya ninayoiweka juu ya zote hizi haitegemei vita vyovyote ninavyovijua. Ni kile kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kinachobeba majina ya watu wanne: Myombekere na Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alikimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, akisimulia maisha ya kisiwa chake kabla ya Wazungu kuingia. Mapenzi yaliyomo hayaanzi kwa macho kukutana. Wawili hao wamekwisha kuoana, wanapendana, na hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke hadi wazazi wake wanamchukua na kumrudisha kwao. Kizuizi hapo si mtu wa kuchukiwa. Ni matumaini ya ukoo mzima, na Myombekere mwenyewe ni mtu wa ukoo ule, anaamini anachoamini ukoo, na bado hataki mke mwingine. Anafunga safari kwenda ukweni kuomba radhi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anarudi kuitafuta. Kurasa zinajaa kazi, salamu, njia na adabu za kuketi mbele ya baba mkwe, na hakuna anayetamka kwa sauti kubwa kwamba anampenda mwenzake. Hakuna haja. Mtu haendi na kurudi namna ile kwa sababu nyingine.

Kitereza alikifasiri kitabu chake kwa Kiswahili yeye mwenyewe, na kikachapishwa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukimaliza. Mwaka 1981 akafariki. Kila ninapomfikia Myombekere akiwa njiani kuelekea ukweni, nasoma polepole kuliko ninavyosoma kitabu kingine chochote, kwa kuwa safari hii wako wawili wasiojua tarehe: anayetembea, na aliyekaa miaka yote hiyo na maandishi yake akingoja.